Sitaki Meza Yangu Ionekane Ghali

Kila Desemba ikiingia, simu yangu huanza kunifundisha kupamba meza. Msichana mwenye kucha safi anatokea kwenye vidio fupi, nyuma yake kuna ukuta mweupe na dirisha kubwa, na anaahidi kwamba kwa pesa kidogo tu mimi na wewe tunaweza kuandaa meza ya Krismasi ambayo "itaonekana ghali." Anachukua chupa tupu ya jamu. Anaivalisha kipande cha gunia. Anaipuliza rangi nyeupe ifanane na theluji, anatumbukiza mshumaa, anazungushia taa ndogondogo za betri. Muziki unapanda, vidio inaisha, na watu wanajazana pale chini kuuliza hizo taa amenunua wapi.

Nina ugomvi na vidio hiyo. Si na msichana mwenyewe, huyo anatafuta unga wake kama mimi ninavyotafuta wangu. Si na chupa ya jamu, hiyo nitakuja kuitetea baadaye. Ugomvi wangu ni na maneno mawili tu: itaonekana ghali. Hayo ndiyo nataka tuyafukuze mezani kabla ya tarehe 25. Pambo la kujitengenezea halina kazi ya kuficha kwamba huna pesa. Siku unapolipa kazi hiyo, linakugeuka. Mimi lilinigeuka, na ndiyo maana naandika.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Hakuna aliyenifukuza. Salio la karo lilikuwa limekua kuliko mimi, jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani, nikarudi kwenye bedsita yangu Zimmerman nikalala siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kutafuta kazi za kuandika mtandaoni. Nyumbani, karibu na Molo, sikusema kitu. Mama alikuwa ameuza ng'ombe ili niingie mwaka wa kwanza. Utaanzaje kumwambia mtu kama huyo kwamba ng'ombe ameenda bure?

Krismasi ya mwaka huo nikasema nimepata kibarua cha likizo mjini, siwezi kuja. Ilikuwa nusu kweli. Kibarua kilikuwepo: kuandika maelezo ya bidhaa 40 za jikoni kwa duka la mtu ambaye sijawahi kumwona. Na kwa sababu nilikuwa peke yangu, na nina aibu, nikaamua kupamba meza.

Nilifuata vidio hatua kwa hatua. Chupa ya jamu nilikuwa nayo, hiyo kweli ilikuwa bure. Lakini gunia la kwenye vidio si gunia la viazi, ni kitambaa kinachouzwa kwa mita, kwa hivyo nikanunua mita moja. Gundi yake ni ya vijiti, inayeyushwa na kibunduki cha stima, kwa hivyo nikanunua kibunduki. Rangi ya kupuliza, makopo mawili, nyeupe na ya dhahabu. Taa, halafu betri za taa, kwa sababu zinauzwa kando. Matawi ya plastiki yenye vitone vyeupe, kutoka duka moja Kamukunji. Nilipomaliza nilikuwa nimetumia shilingi 2,300, zaidi ya robo ya kodi ya nyumba, na meza yenyewe ilikuwa kreti mbili za soda zilizofunikwa shuka. Huo ndio unafuu.

Ilipendeza, siwezi kudanganya. Nikapiga picha kwa pembe ambayo kitanda hakionekani, nikaiweka kwenye simu watu waione. Kisha nikazima taa ili betri zisiishe, nikala chapati mbili za kununua na madondo.

Mama hana simu ya intaneti. Picha ilimfikia kupitia simu ya jirani. Kesho yake akanipigia, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda. "Nimeona meza yako. Kumbe unaendelea vizuri hivyo, Mungu ni mwema." Nikasema asante. Akanyamaza kidogo, halafu kwa ile sauti ya mzazi anayemwomba mtoto wake kitu, akaniuliza kama naweza kusaidia na yunifomu ya mdogo wangu shule zikifunguliwa Januari. Kwa simu nilikuwa na shilingi 180. Nikamwambia mshahara bado haujaingia.

Hiyo ndiyo bili ya meza inayoonekana ghali. Huilipi dukani tu, unailipa tena kwa watu wako. Wakiamini kwamba unazo, watakuja kuchukua sehemu yao, na wana haki, kwa sababu ni wewe uliyetangaza.

Sasa tuzungumze kuhusu theluji. Kenya nzima, barafu ya kudumu tuliyo nayo ni ile ya kilele cha Mlima Kenya, na hiyo yenyewe imekuwa ikipungua mwaka baada ya mwaka. Huenda watoto wetu wakaisoma vitabuni tu. Ile ya kweli inayeyuka juu pale, na sisi huku chini tunanunua rangi ya kopo kutengeneza nyingine mezani.

Utaniambia hata zamani tulikuwa na theluji ya kubandika. Kweli. Aliyekulia bara anajua: unakata tawi la saipresi kwenye ua wa boma, unalisimamisha ndani ya mkebe uliojaa mchanga, unachambua pamba ya dukani na kuitandaza juu ya majani. Baluni pembeni. Tishu za chooni, zile za rangi ya waridi, zikisokotwa kutoka kona moja ya sebule hadi nyingine. Saipresi yenyewe si ya hapa. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, ililetwa enzi za ukoloni kwa ajili ya mbao, na sasa huko kwetu ndiyo ua wa kila mtu na ndiyo harufu ya Krismasi.

Na kuiga si dhambi. Waingereza wenyewe waliiga. Mti wa Krismasi ulikuwa desturi ya Wajerumani. Huko Uingereza ulipata umaarufu mkubwa baada ya gazeti moja la London kuchapisha, mwaka 1848, picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wakizunguka mti uliopambwa, mti wenyewe ukiwa juu ya meza. Watu wa kawaida wakaona picha, wakataka meza kama ya malkia. Kwa hivyo hata waliotuletea desturi hii walikuwa wanafuata picha, sawa na mimi na ile vidio yangu.

Tofauti ni kwamba pamba yetu haikumdanganya mtu. Hakuna jirani aliyewahi kuingia kwetu akadhani theluji imeanguka Molo. Ilikuwa mchezo wa watoto, kila mtu alijua pamba ni pamba, na ikibaki safi ingerudi kabatini ingojee kidonda. Rangi ya kopo haichezi. Inataka mtu aamini. Inataka chupa ya jamu isahau kwamba ilikuwa chupa ya jamu.

Kuna pambo jingine wanalolifundisha sana: chungwa lililochomekwa karafuu mpaka linafanana na nungunungu. Wanalileta kama siri ya Ulaya ya kale. Karafuu! Katika karne ya 19 mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalitegemea kazi ya watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa huku bara. Kitu kilichochumwa na mikono ya watu wetu kimezunguka dunia kikarudi kwenye simu zetu kama ubunifu wa Kizungu. Sikukatazi. Chomeka karafuu, harufu yake ni tamu na hata stima ikipotea bado utajua meza iko upande gani. Lakini chomeka ukijua umeshika nini.

Halafu kuna meza yenyewe. Wataalamu wa mapambo wanatufundisha kupamba meza ambayo wengi wetu hatuna. Wanasema weka pambo refu katikati, pande zote watu wakae wakitazamana, kila mmoja na sahani yake na kitambaa chake cha kufutia mdomo kilichokunjwa kama ndege. Nani anakula hivyo? Kwetu, na labda kwenu pia, watu huketi kwenye makochi yaliyosukumwa ukutani. Watoto wako chini kwa mkeka. Sahani iko mapajani au kwenye stuli. Meza ya katikati ni ya vyombo: hotipoti ya chapati, hotipoti ya pilau, sufuria ya mchuzi, sahani ya kachumbari, birika, soda. Weka pale katikati pambo la futi moja uone. Mtu wa kwanza kuinama kujipakulia ataenda nalo.

Na hapo ndipo nataka tukumbuke kitu. Meza ile ya katikati ilikuwa na pambo lake tayari, la kutengenezwa kwa mikono, la bei nafuu, na linafaa kabisa kwa sababu ni bapa: vitambaa. Vile vya kufuma kwa uzi, vyeupe au vya manjano, vya mviringo, vyenye maua pembeni. Juu ya meza, juu ya stuli, juu ya kila mgongo wa kochi, juu ya redio, juu ya TV. Vilifuliwa na kupigwa pasi kila Desemba ili wageni wakija wakute nyumba imevaa.

Tulivicheka. Usikatae, tulivicheka sote. Tulipopata nyumba zetu za kupanga jambo la kwanza lilikuwa kuhakikisha hakuna kitambaa hata kimoja. Kilikuwa ushamba. Na sasa nenda kwenye duka lolote la vyombo vya ndani kwenye mall, utakuta kitambaa kirefu cha kutandaza katikati ya meza, kimefumwa kwa uzi ule ule, kina lebo ya karatasi ya kaki inayosema kimetengenezwa kwa mikono, na bei yake ingenunulia shosho yangu uzi wa mwaka mzima. Tumekataa kazi ya mama zetu ikiwa bure, tumeinunua ikiwa na lebo.

Sisemi vitambaa vilishuka kutoka mbinguni. Vina historia yao. Wamishonari walifundisha ushonaji na ufumaji, na vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952 chini ya mkono wa serikali ya kikoloni, vilifundisha kazi za mikono pamoja na mapishi na usafi wa nyumba, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa. Somo hilo lilikuwa na nia zake. Lakini mtu akishika sindano, sindano ni yake. Shosho yangu alifuma vitambaa akaviuza, pesa zikaingia kwenye mabati ya nyumba ambayo bado analala. Ukitaka kuniambia hilo ni pambo tu, kwanza nenda ukasimame chini ya hayo mabati mvua ikinyesha.

Najua kuna watakaosema: hali ni ngumu, acha maneno ya mapambo, nunua unga. Nimewasikia. Nimekuwa mmoja wao. Lakini angalia watu wenye pesa kidogo kabisa unaowajua. Angalia chumba cha futi kumi kwa kumi, pazia la maua limegawa kitanda na sebule, kalenda tatu ukutani, sufuria zimepangwa kwa ukubwa zinang'aa. Hakuna anayefanya hivyo kwa sababu amemaliza shida. Kupamba ni njia ya kumwambia anayeingia kwamba alikuwa anatarajiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na mgeni anajua dakika ya kwanza kama nyumba ilimngoja. Njaanuari itakuja tu, ukipamba au usipopamba. Ninachokataa ni kuikopesha Njaanuari pesa za ziada.

Wengine watasema: kwa nini ujisumbue na makasi, enda Kamukunji ununue vya plastiki, muda ni pesa. Hawa nawaelewa zaidi. Ukiwa kazini mpaka usiku wa tarehe 24, nunua, na Mungu akubariki. Lakini tusijidanganye kuhusu unafuu wake. Sehemu kubwa ya mapambo hayo hutoka Uchina, mengi yakipitia masoko ya jumla ya mji wa Yiwu, yamevuka bahari ili yakae mezani kwako siku mbili. Zile nyuzi za kung'aa ni plastiki iliyopakwa ngozi nyembamba ya chuma, hakuna mzee wa kuokota taka atakayekulipia hata kilo. Sisi ni nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017 na kutembea kifua mbele. Kisha kila Desemba tunaifungulia plastiki mlango wa mbele na kuiita sherehe.

Ngoja basi niseme ninachotetea, nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu.

Mwaka uliofuata nilienda nyumbani. Nilikuwa na nauli, ya Desemba, ile iliyopanda, na pesa kidogo za kununua nyama. Za mapambo hazikuwepo. Mdogo wangu, aliyekuwa darasa la sita, alinikuta nimekaa sebuleni tarehe 23 akaniuliza kama mwaka huu tutaweka kitu chochote. Nikafungua begi langu nitafute karatasi. Karatasi nilizokuwa nazo zilikuwa noti zangu za chuo, rundo zima, za takwimu na za uchumi, nilizobeba kwa sababu kwa miezi yote hiyo nilikuwa sijapata ujasiri wa kuzitupa.

Tulifanya hivi, na wewe unaweza kufanya. Gundi ni unga wa ngano. Vijiko viwili vya unga, nusu kikombe cha maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, kisha weka kwa moto mdogo ukiendelea kukoroga hadi iwe nzito kama uji wa mtoto. Ikipoa inashika karatasi vizuri kuliko unavyodhani. Kata karatasi vipande virefu vya upana wa vidole viwili, kunja cha kwanza kiwe pete, gundisha, pitisha cha pili ndani yake, endelea. Mnyororo huo unazunguka meza pembeni, chini ya ukingo, ambapo hakuna hotipoti itakayoufikia. Nyota unakata kutoka karatasi ya mraba, unaikunja mara tatu na kuipunguza kwa makasi. Ya kwanza itakuwa mbaya. Ya nne itakuwa nyota.

Chupa za jamu, na sasa ndio naitetea, hazihitaji kuvalishwa gunia. Zioshe. Pasua tishu ya rangi vipande vidogo, bandika nje ya chupa kwa gundi ile ile ukiwa umeiongeza maji kidogo, acha zikauke usiku mzima. Ndani weka maharagwe kiasi cha vidole vitatu ili mshumaa usimame, na hakikisha moto unabaki chini ya mdomo wa chupa bila kugusa kioo. Maharagwe utayapika tarehe 26, hayajaharibika, hakikisha tu umeokota nta. Mshumaa wenyewe tumia ule wa kawaida wa dukani, ule unaowekwa kwa dharura. Stima ikipotea saa mbili usiku, kama inavyopenda kufanya siku ya sherehe, pambo lako litaendelea na kazi.

Saipresi tulilaza matawi mafupi katikati ya meza, juu ya leso ya Mama, na juu yake tukapanga maembe kwa sababu Desemba maembe ni mengi na ya bei ya chini, na rangi yake hakuna kopo litakaloifikia. Tahadhari moja: saipresi ina utomvu, ikikauka inashika moto kama petroli. Weka mishumaa mbali na matawi, usiwache mtoto peke yake nayo, na matawi yakate asubuhi ya siku yenyewe. Gharama yote ilikuwa mishumaa minne na tishu moja. Maembe hatukuyahesabu, kwa sababu tuliyala.

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo Mama alipoingia kutoka kukamua. Akainama akaokota kipande kimoja cha mnyororo, akakisogeza karibu na macho. "Hizi si za shule?"

Mdogo wangu akaacha kukata.

Nikasema ndiyo, ni za shule. Nikasema sizihitaji tena. Nikasema tangu lini.

Mama alibaki ameshika ile karatasi. Nilitegemea aulize kuhusu ng'ombe. Aliuliza, "Na ile siku ya meza ya mwaka jana, wewe mwenyewe ulikula nini?" Nikamwambia: chapati na madondo. Akatoka akaenda jikoni na kukaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Aliporudi alituambia gundi imekauka, tuongeze maji.

Habari ya ng'ombe tulikuja kuizungumza Februari, kwa sauti za juu, na bado hatujaimaliza. Sitaki kukuuzia hadithi ya mnyororo wa karatasi ulioponya familia. Nasema tu kwamba meza ya kwanza, ile ya shilingi 2,300, ilinisaidia kudanganya kwa mwaka mzima zaidi, na ya pili haikunipa pa kujificha. Karatasi zilikuwa na mwandiko wangu. Kila aliyeketi pale Krismasi ile, wajomba, mashangazi, jirani aliyeonyesha ile picha, alikula pilau akisoma vipande vya somo nililoshindwa kulilipia. Shangazi mmoja aliuliza "wastani" ni nini. Nikamweleza. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la mikono. Vidio zote za bei nafuu zina hesabu moja wanayoiruka: saa za anayetengeneza. Na anayetengeneza, kwa nyumba nyingi, ni msichana wa kwanza. Mimi ndiye. Wavulana wanatumwa dukani mara moja halafu wanapotea mpaka chakula kiive. Sisi tunakata, tunafuma, tunapiga pasi, tunapika, kisha tunasifiwa kwamba tumefanya meza nzuri "bila kutumia pesa." Pesa haikutumika kwa sababu mimi nilitumika. Kwa hivyo sheria yangu ni fupi: anayekula, akate. Mdogo wangu alikata nyota 22 na ana kovu dogo la makasi la kuthibitisha.

Na ukinunua kazi ya mkono ya mtu, usimshushe bei ukisema ni uzi tu, ni karatasi tu, hata mimi naweza. Basi jitengenezee. Mimi huambiwa hivyo hivyo kuhusu maandishi. Wenye majukwaa huniambia hawana malipo, lakini nikiwaandikia "nitaonekana." Nimeonekana vya kutosha. Mwenye nyumba wangu hajawahi kukubali kuonekana kama kodi. Ndiyo maana neno hilo likija mezani kwangu kila Desemba, limevaa taa na theluji ya kopo, nalitambua kabla halijaketi.

Mwaka huu nitapanda gari tarehe 22, nauli ikiwa imeshapanda, nimebeba magazeti ya zamani na makasi mawili, kwa sababu moja halikutosha. Noti za chuo zilizobaki nazo zinakuja. Shosho amesema atatoa vitambaa vyake sandukuni kama nitavifua mwenyewe kwa mkono. Mama amenionya nisilete ile mishumaa ya harufu ya wenye mall, humkohoza. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, sina pesa ya hiyo. Akacheka. Zamani ningekata simu nikalia.